Shtaka la Usaliti juu ya Wanamuziki wa Mitaa ya London

Wanamuziki wa mitaa ya kimaskini ya Uingereza, hasa vijana weusi wa London, wana shtaka moja ambalo husomewa kila mara wimbo wao unapopendwa na watu wengi. Shtaka lenyewe ni la usaliti. Husemwa kwamba fulani alikuwa msanii wa kweli alipoghani chumbani juu ya ghorofa, akisikika kwa redio ya magendo. Lakini tangu wimbo wake ulipofika kileleni mwa orodha ya mauzo, amewageuka waliomlea. Wasomaji wa shtaka hili ni wahakiki wa magazeti, wanazuoni wa vyuo, na wapenzi wa kwanza wa muziki huo, ambao huona wivu kipenzi chao kinaposhirikiwa na umati. Nakusudia kulipinga. Silipingi kwa kudai kwamba nyimbo zote zilizouzwa zilikuwa nzuri. Nyingine zilikuwa hafifu, nami nitazitaja kwa majina. Nalipinga kwa sababu aliyesimamishwa kizimbani siye.

Tuanze na jina. Biashara ya santuri ya Uingereza na Marekani iliuita muziki huu kwa miaka mingi muziki wa mjini. Jina hili ni la ajabu. The Beatles walitoka Liverpool, mji wa bandari na moshi, wala hakuna aliyefikiri kuuita muziki wao wa mjini. Neno hilo lilikuwa sitara: lilisema weusi bila ya kulitamka neno lenyewe. Kampuni ya Republic Records ya Marekani ilitangaza kuliacha mwaka 2020, baada ya manung'uniko ya miaka mingi. Ilhali Kanya King, alipoanzisha tuzo za MOBO katika Uingereza mwaka 1996, aliitaja asili ya weusi waziwazi katika jina la tuzo zake. Nalitanguliza jambo hili kwa kuwa linatufunulia kwamba shtaka la usaliti halisomwi kwa kila mtu. The Beatles walihamia London, wakatajirika, wakapewa nishani na Malkia mwaka 1965, na mpaka leo husifiwa kwa kukua. Kijana wa Bow akihama nyumba ya halmashauri, huambiwa amepotea.

Muziki unaohusika zaidi na ugomvi huu ni graimu, jina lenye maana ya uchafu ulioganda. Ulizaliwa mashariki ya London, Bow na jirani zake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika majumba marefu ya halmashauri ambayo kutoka madirishani mwake huonekana minara ya mabenki ya Canary Wharf. Mapigo yake huenda kiasi cha 140 kwa dakika. Sauti zake ni baridi na kavu. Nyingi zilitungwa kwa programu za kompyuta za bei nafuu, na nyingine hata kwa mchezo wa PlayStation uliokuwa na vyombo vya kutungia muziki. Juu ya mapigo hayo waghani hupokezana kipaza sauti, kila mmoja na mistari yake, wakijibizana kwa vina na vijembe. Msomaji aliyekulia kwenye malumbano ya malenga hahitaji kuelezwa ladha yake. Redio zilizowapokea hazikuwa na leseni. Rinse FM ilianza hivyo mwaka 1994, na haikupewa leseni mpaka mwaka 2010. Vijana walipandisha mitambo juu ya mapaa, wakaguzi wakaing'oa, vijana wakapandisha mingine.

Wahakiki wanapoisimulia habari hii hutuchorea zama za usafi, ambamo vijana walighani kwa ajili ya sanaa tu, kisha biashara ikaja kama nyoka. Hadithi hiyo ni tamu, lakini si kweli. Graimu ilikuwa biashara tangu siku ya kwanza. Wiley, ambaye wengi humwita baba wa muziki huu (wala hapa simtetei kwa maneno ya chuki juu ya Wayahudi aliyoyatangaza mwaka 2020), alizichapisha santuri zake mwenyewe zikiwa na karatasi nyeupe isiyo na nembo, akazipakia nyuma ya gari, akazitembeza dukani kwa duka. Duka la Rhythm Division katika Roman Road, Bow, halikuwa hekalu. Lilikuwa duka, lenye kaunta na sanduku la fedha. Waliotia jasho katika redio za magendo walijua kwamba jina likivuma redioni mwishoni mwa juma, santuri hutoka dukani Jumatatu. Soko halikuja baadaye kuuharibu muziki huu. Soko lilikuwa mojawapo ya wakunga wake.

Wala si ajabu. Shakespeare alikuwa mwenye hisa katika kundi lake la waigizaji, na mwaka 1597 alinunua nyumba kubwa katika Stratford kwa fedha alizozipata katika michezo. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuimba katika mashine za His Master's Voice, nembo ya kampuni ya Kiingereza, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Hajazaliwa wa kutuambia kwamba Siti wa santuri si Siti. Kwa nini basi mghani wa London pekee ndiye adaiwe kuishi kwa sifa bila ya ujira?

Mwaka 2003 Dizzee Rascal, kijana wa Bow mwenye umri wa miaka 18, alitoa albamu yake ya kwanza, Boy in da Corner, chini ya kampuni ya XL Recordings, akashinda Tuzo ya Mercury. Sifa zilizomwagiwa kazi hiyo zilistahili. Ni kazi ya mtu anayeona kila kitu karibu yake na haamini lolote katika hayo. Sauti yake yapanda kama ya mtoto anayelia na mzee anayekaripia kwa wakati mmoja. Wahakiki waliipenda mno, na ningewasifu kwa hilo lau wangeendelea kuuliza swali lililofuata: kijana huyu na wenzake wataimba wapi?

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo, na hapa wahakiki hupita mbio. Mwanamuziki huishi kwa kuimba mbele ya watu. Muziki wowote mpya, kabla ya kufika katika viwanja vikubwa, hupita katika kumbi ndogo: watu mia moja, mia mbili, kiingilio kidogo, mghani akijifunza lini watu wanachoka na lini wanawaka. Daraja hiyo ya kati ndiyo inayomwezesha msanii kubaki katika njia yake na papo hapo kula. Sasa tazama iliyowapata vijana hawa. So Solid Crew wa Battersea, watangulizi wao wa muziki wa gereji, walifika kileleni mwa orodha mwaka 2001 kwa wimbo wa 21 Seconds. Mwaka huo huo ziara yao ikafutwa baada ya kisa cha risasi katika onyesho lao la London, na milango ya kumbi ikawafungia wao na kila aliyefanana nao. Wimbo wa Lethal Bizzle uitwao Pow!, wa mwaka 2004, ulipigwa marufuku katika baadhi ya kumbi kwa madai kwamba unawapandisha watu mori. Kisha mwaka 2005 polisi wa London wakaleta Fomu 696.

Fomu hiyo ilimtaka mwenye onyesho awapelekee polisi, siku kumi na nne kabla, majina halisi ya waghani wote, anwani zao na namba za simu zao. Katika sura yake ya awali iliuliza pia muziki gani utapigwa, na mifano iliyoitoa ilikuwa ya miziki inayopendwa na weusi. Tena iliuliza wasikilizaji watakaokuja ni wa kabila gani. Maswali haya mawili yaliondolewa baada ya malalamiko, lakini fomu yenyewe iliendelea mpaka Novemba 2017. Mwenye ukumbi hakuhitaji kukatazwa waziwazi. Alijua kwamba akipeleka majina asiyotakiwa kupeleka, huenda leseni yake ikatiwa shaka. Basi alijikataza mwenyewe, akawaalika wapiga magitaa. Daraja ya kati ikakatwa kwa karatasi.

Ukishakatiwa daraja hiyo, hubaki na njia mbili: kurudi juu ya paa kwenye mtambo wa magendo usiolipa, au kuruka moja kwa moja hadi kwenye muziki wa wote, ambao hupigwa redioni mchana na hauhitaji fomu. Huo ndio ule uchaguzi maarufu kati ya uasili na mauzo, unaofundishwa kana kwamba ni tabia ya sanaa. Si tabia ya sanaa. Ulitengenezwa na watu, katika ofisi, kwa wino.

Walioruka tunawajua. Wiley alitoa Wearing My Rolex mwaka 2008. Roll Deep, kundi alilolianzisha, lilifika kileleni mara mbili mwaka 2010. Tinchy Stryder na Chipmunk walifika mwaka 2009. Dizzee Rascal mwenyewe alishika nafasi ya kwanza kwa Dance wiv Me mwaka 2008, na kwa Bonkers na Holiday mwaka uliofuata. Nyimbo hizi nimezisikiliza kwa makini. Bonkers ina wazimu wa kweli ndani yake na itadumu. Holiday haina kitu. Nyimbo mbili za Roll Deep ni za kuvalia viatu vya kwendea karamuni, na baada ya karamu hazikumbukwi. Kosa lao si kupendwa. Kosa lao ni kwamba huwezi kujua mwimbaji anaishi wapi, anamwogopa nani, wala amekula nini. Sauti imebaki, mahali pameondolewa. Hayo ni maneno ya uhakiki, nayo ni halali. Lakini kusema wimbo huu ni hafifu ni jambo moja, na kusema mtu huyu ni msaliti ni jambo jingine, na wanaolitoa neno la pili aghalabu hukimbia kazi ngumu ya kulithibitisha la kwanza.

Tena kuna kichekesho wasichokitazama. Albamu tatu za kwanza za Dizzee Rascal, zinazosifiwa kwa uasili, zilitolewa na kampuni ya watu wengine. Dance wiv Me, wimbo wa usaliti, aliutoa chini ya lebo yake mwenyewe, Dirtee Stank. Katika hesabu ya wasafi, kijana aliyekuwa chini ya mkataba ndiye huru, na yule aliyemiliki mali yake ndiye mtumwa! Na mwaka 2012, katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki uliofanywa Stratford, jirani na Bow, dola ya Kiingereza ilimsimamisha mtu huyu huyu aimbe Bonkers mbele ya dunia, hali Fomu 696 ingali katika meza za polisi wa mji huo huo. Ikiwa panahitajika mshtakiwa wa unafiki, nadhani hapo pana mmoja mwenye kimo cha kutosha.

Watanijibu kwa mfano wa Skepta. Mfano huu huusimulia kama mahubiri. Skepta wa Tottenham, mtoto wa wazazi wa Nigeria, alijaribu njia ya muziki wa wote karibu na mwaka 2010, haikumfaa. Mwaka 2014 akarudi na ndugu yake Jme kwa wimbo wa That's Not Me, akiyakana mavazi ya fahari na kuurudia mlio wa kale wa graimu. Filamu ya wimbo huo yasemekana iligharimu pauni 80, ikapata tuzo ya MOBO. Mwaka 2016 albamu yake Konnichiwa, iliyotolewa na Boy Better Know, lebo yake na ndugu yake, ikashinda Tuzo ya Mercury mbele ya kazi ya mwisho ya David Bowie. Mnaona, husema, mwaminifu hulipwa.

Naiheshimu kazi ile, wala sitaki kuipunguza. Lakini waliomlipa Skepta mwaka 2014 hawakuwapo mwaka 2008. Kati ya miaka hiyo, Jamal Edwards, kijana wa magharibi ya London aliyefariki mwaka 2022, alikuwa ameijenga SB.TV, aliyoianza mwaka 2006 akiwa na kamera tu, ikawa mahali ambapo mghani huonekana na mamilioni bila ya kuomba ruhusa ya redio wala ya ukumbi. Mwaka 2014 usikilizaji wa mtandaoni ulianza kuhesabiwa katika orodha ya taifa ya nyimbo. Februari 2015 Kanye West aliwapandisha waghani wa London jukwaani katika tuzo za Brit, na magazeti yaliyowapuuza yakaamka. Daraja ya kati iliyokatwa na fomu ilijengwa upya kwa njia nyingine. Skepta alikuwa hodari wa kuivuka. Lakini kumsifu kwa uaminifu wake na kuwalaumu waliozama kabla ya daraja kujengwa ni sawa na kumsifu mtu kwa kufika kwa treni na kumcheka babu yake aliyekwenda kwa miguu.

Isitoshe, uasili nao ni bidhaa. Mwaka 2017 mghani aliyekana mavazi ya fahari alitoa kiatu pamoja na Nike. Simlaumu; kiatu ni kiatu. Nauliza tu ni nini kilichouzwa pamoja na ngozi ile na uzi ule, kama si harufu ya ule mtaa ambao wahakiki walimsifu kwa kutouuza? Kampuni kubwa zilikwisha kuelewa jambo ambalo maprofesa hawajalielewa: kwamba umaskini wa mwenzio, ukiupiga picha vizuri, una wanunuzi.

Stormzy wa South Norwood ni mfano unaowatatiza zaidi. Alianza parkini, akighani Shut Up juu ya mdundo wa zamani, na mwaka 2015 wimbo ukaingia katika kumi bora. Mwaka 2017 albamu yake Gang Signs & Prayer ikawa ya kwanza ya graimu kushika nafasi ya kwanza ya orodha ya albamu. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za kumsifu Mungu, na wapenzi wa uasili wakanung'unika: hii si graimu. Nauliza, kijana aliyelelewa na mama wa Ghana, ambaye kanisa lilikuwa sehemu ya malezi yake, ni nani aliyemwekea sharti kwamba ngumi zake ndizo za asili na sala zake ndizo za biashara? Aliyeweka sharti hilo hakutoka South Norwood. Uasili wa namna hii ni kizimba: mghani huruhusiwa kuwa mkali, huruhusiwa kuwa mkiwa, lakini akionyesha upole, elimu au furaha, huambiwa amejitia uzungu au amejitia soko.

Na kilele cha soko hakikumziba kinywa. Februari 2018, katika tuzo za Brit, mbele ya waliokuwa wamemlipia jukwaa, alimwuliza waziri mkuu Theresa May ziko wapi fedha za waathirika wa Grenfell, jengo lililoungua Juni 2017 wakafa watu 72. Mwaka huo huo alianza kuwalipia wanafunzi weusi wawili kwa mwaka masomo ya Cambridge. Mwaka 2019, katika tamasha la Glastonbury, akiwa mwanamuziki mweusi wa kwanza wa Uingereza kuliongoza jukwaa lile kuu peke yake, alisimama akayataja majina ya waghani wenzake mmoja mmoja. Yako yanayoweza kuulizwa juu yake, na mwaka 2025 alipotoa mlo wenye jina lake pamoja na McDonald's wengi waliuliza kwa haki. Swali la nani unampa jina lako ni swali la watu wazima, lina jibu, na linaweza kujibiwa vibaya. Swali la kama umebaki wa kweli halina jibu, na labda ndiyo maana hupendwa.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema kwamba kilichouzwa sana ndicho kizuri, na mengine ni kelele za wivu. Hao hawanichukulii muda. Orodha ya mauzo hupima mauzo.

Ninachowakumbusha wenye kudai ukali zaidi na mtaa zaidi ni hiki. Katika Uingereza ya sasa iko mamlaka inayosoma mashairi ya mitaa kwa dhati kuliko mhakiki yeyote, nayo ni polisi. Muziki wa drili, uliofuata graimu, ulifutwa vipande vyake kadhaa katika YouTube mwaka 2018 kwa maombi ya polisi wa London. Januari 2019 waghani wawili, Skengdo na AM, walihukumiwa kifungo kilichoahirishwa, kwa sababu waliimba wimbo waliokuwa wamekatazwa na amri ya mahakama. Mistari ya nyimbo huletwa mahakamani kama ushahidi, na sitiari husomwa kama ungamo. Mwanachuo anayeandika tasnifu juu ya uhalisi wa drili hurudi nyumbani kwake jioni. Aliyeutoa uhalisi huo hujibu mbele ya hakimu. Basi mghani akipunguza ukali ili wimbo upite redioni, kabla ya kusema amelainika kwa tamaa, ingefaa kuuliza ukali ule ungemgharimu nini, na nani angelipa.

Umiliki nao, ambao nimeusifu, una bei yake. Little Simz wa Islington, binti wa Kinigeria, kwa miaka mingi amezitoa kazi zake chini ya lebo yake mwenyewe, Age 101. Hakurukia muziki wa wote, wala hakufungwa na kampuni kubwa. Kwa mizani yoyote ya wasafi, hana doa. Aprili 2022 alifuta ziara yake ya Marekani, akieleza wazi kwamba kwa msanii anayejitegemea gharama zake zingemwachia upungufu mkubwa. Oktoba mwaka huo huo albamu yake Sometimes I Might Be Introvert ilipewa Tuzo ya Mercury, ambayo fedha zake zilikuwa pauni 25,000.